Gari Lenye Ubavu Mweupe

Kwa miaka mingi watu wa mtaa wetu hapa Lodwar walilijua gari langu kwa sauti kabla ya kuliona. Lilikuwa pikapu kuukuu ya kijivu, na eksozi yake ilikuwa na kikohozi ambacho hakuna fundi aliyeweza kukiponya. Mimi nilikuwa katekista, na katekista mwenye pikapu ni mali ya watu wote. Nilibeba wagonjwa kutoka Lorugum, nikabeba wanakwaya, mahindi ya msaada, mbuzi wa harusi. Lakini zaidi ya yote nilibeba maiti.

Hospitali inapowakabidhi watu marehemu wao, jambo la kwanza ni kutafuta chombo cha kumfikisha kwao, na kwao huwa mbali, ng'ambo ya mchanga na mawe. Walikuja kwangu. Sikumkatalia mtu, na namshukuru Mungu aliyenipa nguvu hiyo. Nilikuwa nimepigilia misumari minne mikubwa kwenye mbao za kando ili kamba za jeneza zisiteleze. Mke wangu alikaa mbele, pembeni yangu, na leso ya ziada magotini, kwa sababu katika kila msiba kuna mwanamke anayeanguka nguo ikamtoka, na mke wangu alitaka kuwa wa kwanza kumfunika.

Sikutambua tulikuwa tumegeuka nini mpaka siku tuliyokwenda Kerio kununua samaki. Tuliingia kijijini mchana, gari likikohoa, na wanawake wakaanza kulia. Mmoja alijitupa chini. Nilishuka nikapiga kelele kwamba hatukubeba mtu, lakini hawakunyamaza mpaka nilipofungua turubai wakaona ndoo mbili tupu. Njiani kurudi tulicheka mpaka nikasimamisha gari. Kisha mke wangu akaacha kucheka.

"Umeona, Katekista?" akasema. Aliniita hivyo nyumbani, kwa utani, tangu tulipokuwa vijana. "Sisi hatuwezi tena kumtembelea mtu."

Miaka ikapita, na uvimbe ukaota tumboni mwake. Tulikwenda hospitali mara nyingi, mwisho daktari akamwita binti yetu kando. Binti yetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyeogopa maneno, lakini siku hiyo alirudi akiangalia viatu vyake. Daktari alikuwa amesema tumpeleke mama nyumbani, tumpikie anachopenda. Nimewafundisha watu kwa miaka arobaini kusema mapenzi yako yatimizwe. Jioni ile niliyasema maneno hayo na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyelala na kiu.

Asubuhi yake mke wangu akanywa chai nusu kikombe, akasema, "Nataka kumwona dada yangu."

Dada yake mkubwa anaishi Lopur, karibu na Kakuma, katika boma la baba yao.

"Kesho tu, Mama," nikamwambia. "Nitatia mafuta tuondoke mapema."

"Kwa gari lipi?"

"Gari letu."

Akaweka kikombe chini. "Dada yangu atalisikia likiwa bado mbali. Nitakapofika atakuwa ameshaanza kulia, na boma zima pamoja naye. Sitaki anililie nikiwa bado naweza kumsalimia."

Nikasema tutakodi teksi. Akasema teksi ni ya mtu mwingine. Kisha akatoa jambo ambalo nadhani alikuwa amelitunza tangu tulipooana.

"Mimi niliolewa na mtu asiye na ng'ombe wa kuimbiwa. Sikulalamika. Lakini nataka nifike kwetu mara moja na kitu chako cha kujivunia."

Mgeni wa huku pengine hajui maana ya maneno hayo. Kijana wa Kiturkana huchagua dume mmoja katika zizi la baba yake. Hamchagui kwa nyama wala kwa bei. Humchagua kwa rangi na kwa pembe, humvisha njuga, humtungia wimbo, na katika ngoma huinua mikono juu ya kichwa kama pembe zake. Watu humwita kijana kwa rangi ya ng'ombe huyo. Mimi sikuwahi kuwa naye. Ukame uliwamaliza mifugo ya baba yangu nikiwa mdogo, nikalelewa misheni, nikajifunza nyimbo za kanisa. Mahari ya mke wangu niliitoa kwa mbuzi, mmoja mmoja, kwa miaka. Siku ya ngoma wenzangu waliinua mikono, mimi nikapiga makofi.

Nilipomweleza binti yetu kwamba tunakwenda Kakuma kubadilisha gari, na mama anataka gari la spoti, la furaha, alishika kiuno.

"Baba, una miaka sabini na kitu. Unataka kushindana na vijana wa Nairobi?"

"Mama yako ndiye anataka."

"Na mtu akifa hapa mtaani? Atawekwa kwenye buti?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo usiku kucha.

Tulikwenda kwa pikapu, mara yake ya mwisho na sisi, mke wangu akiegemea mito miwili. Siku hizi barabara ya Kakuma ni lami tupu, nyeusi na nyoofu, na safari tuliyokuwa tukiimaliza kwa siku nzima humalizika kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Bila lami hiyo hakuna ambaye angefikiria gari la chini katika nchi hii.

Mfanyabiashara tuliyemwendea ni mtu wa Sudan Kusini. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mtoto, akakua, akaoa, na sasa ana uwanja wa magari karibu na soko. Tulifahamiana kwa sababu moja: nilimbeba mama yake kwenda makaburini, wakati yeye alikuwa hana chochote. Alitoka akamwamkia mke wangu dirishani kwa mikono miwili.

"Mama, karibu. Wewe unakaa ndani, mimi naleta gari mbele yako, moja moja. Wewe ni bibi arusi leo."

La kwanza lilikuwa jeupe, la juu, lenye keria na siti tano. Binti yetu akapiga bodi lake kwa kiganja. "Hili, Baba. Hili ndilo." Na kweli lilikuwa gari la mtu mwenye akili. Mke wangu akaliangalia kama mtu anavyoangalia dawa.

La pili lilikuwa limesimama nyuma, chini ya kivuli cha mabati. Lilikuwa jeusi, fupi, la milango miwili, na matairi mapana, na bawa dogo nyuma kama la panzi. Kijana fulani alilileta kutoka kusini lami ilipokamilika, apate kujua mwendo wake, akagongana na ngamia. Ubavu wa kushoto uliharibika. Fundi hakupata mlango mweusi, akafunga mweupe, na kipande cheupe cha bodi mbele yake.

"Hii si yenu," mfanyabiashara akasema, akijaribu kutupitisha. "Hii ya vijana. Na hii mlango ni aibu. Mimi nitapaka rangi, wiki ijayo itakuwa nyeusi yote."

"Usiguse!" mke wangu akasema kutoka kwenye pikapu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Akaomba ashushwe. Tulimshika huku na huku, mimi na binti yetu, akatembea hadi pale akauweka mkono wake juu ya ule mlango mweupe. Dume la baba yake, lile lililoimbiwa na boma zima Lopur, lilikuwa jeusi lenye ubavu mmoja mweupe. Ubavu wa kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa akilipeleka kunywa maji alipokuwa msichana.

Mfanyabiashara alimsikiliza, kisha akacheka, akainua mikono yake mirefu juu ya kichwa, akaipinda kama pembe. "Mama! Hata kwetu rangi hii tunaimbia! Mimi miaka mitano naangalia magari, hii sikuona!"

Tukalizunguka gari lile kama wazee wanaozunguka dume: mbele, nyuma, tukainama, tukatazama mabega yake. Binti yetu alisimama ametukunjia mikono.

"Watu wazima watatu," akasema, "mnachagua gari kwa rangi ya ubavu. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti."

Ilikuwa kweli. Hatukufungua boneti, na hatukupima nafasi kati ya tumbo lake na ardhi.

Nilirudi kwenye pikapu kutoa vitu vyangu: rozari, turubai, leso ya ziada. Nikaweka kidole juu ya msumari mmoja. Ulikuwa umelika katikati kwa kamba. Nilijua ninachokitoa, na si changu peke yangu. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama ninakosea, lakini sikusubiri jibu, maana mke wangu alikuwa ameshaketi katika gari jeusi na kufunga mkanda. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa dhambi. Nimeungama, na padri akaniambia nimalizie nilichotaka kuungama, nikashindwa kukieleza.

Tukashika njia ya Lopur mchana ule ule. Binti yetu alijikunja nyuma, magoti kidevuni. Gari halikukohoa. Lilinguruma chini chini, na nilipokanyaga mafuta tuliona milingoti ya umeme ikipita kama vidole vya mtu anayehesabu haraka. Mke wangu alikuwa amejipaka mafuta mikononi, kwa sababu ngozi yake ilikauka sana siku zile. Ghafla akainua mikono yote miwili kama pembe, ikagonga paa.

"Katekista!" akasema. "Ng'ombe huyu hana nafasi ya pembe!"

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akabaki ameiegemeza mikono paani, akaanza kuimba wimbo wa dume la baba yake. Mimi nikadakia mwisho wa kila mstari, ninavyofanya na zaburi. Nilikosea maneno, naye akanipiga bega.

Tulitoka kwenye lami, tukaenda polepole, na karibu na boma tukafika laga, mto mkavu wa mchanga. Pikapu yangu ilivuka laga ile mara nyingi bila hata kubadilisha gia. Gari jeusi liliingia hatua nne likakaa na tumbo lake chini kama mbuzi aliyechoka.

"Hongera, Baba," binti yetu akasema kutoka nyuma.

Watu waliona vumbi, wakaja. Walikuja wakicheka. Hakuna aliyelia, kwa kuwa hawakulijua gari wala sauti yake. Nilisikia mtu akiuliza ni mlevi gani amepotea na kitu cha namna hii. Kisha akaja dada mtu, mrefu, na fimbo yake, shanga zimempanda hadi kidevuni. Alikuja upande wa kushoto. Akaona ubavu mweupe, akasimama. Akaanza kuimba wimbo ule ule, kabla hajajua ni nani aliyemo ndani, na mke wangu akamjibu kutoka dirishani.

"Ejok?" dada akamsalimia kwa Kiturkana, akiinama.

"Ejok."

"Na huyu mwanamume amepata wapi ng'ombe wa baba yetu?"

"Kakuma. Ameniletea."

Dada akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya ushemeji wetu akanisifu. "Umekawia, shemeji, lakini umechagua." Kisha akaingiza mkono ndani amkumbatie ndugu yake, akakuta mifupa. Niliuona uso wake ukibadilika. Hakulia. Aliendelea kuimba, kwa sauti ya chini zaidi, na akawaita wanawake walete ngozi. Wakamvusha mke wangu laga kwa ngozi ya ng'ombe, wanne wakishika pembe zake, na yeye juu yake akiwapungia watoto. Vijana wakaliinua gari kwa mikono na kulirudisha ukingoni.

Tulikaa siku tatu. Walizungumza mambo ya utoto wao, mambo ya maji na ya ndama, na mara moja nilisikia wanagombana kuhusu bakuli lililovunjika zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Sikuwaingilia. Nilikaa na rozari yangu, nikashukuru.

Lodwar tuliporudi hatukukaa wiki mbili, akafariki mtoto wa jirani yetu. Asubuhi wanaume watatu walisimama langoni kama ilivyokuwa siku zote, kamba zikiwa mikononi. Mmoja aliliangalia gari jeusi, akaangalia nyuma yake, akarudi kuniangalia mimi. Nikawaeleza. Hakuna aliyenitukana. Mwenye mtoto akasema tu, "Sawa, Katekista. Hatukujua," wakaondoka kutafuta mkokoteni wa maji. Nilifuata nyuma kwa miguu hadi makaburini, nikasaidia kusukuma palipokuwa na kokoto.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Nimewanyang'anya watu gari lao," akasema niliporudi.

"Hukuwanyang'anya. Ni mimi niliyelitoa."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ndiyo. Mimi nani nikatae?"

Jioni aliniomba nimpeleke akaketi ndani ya gari. Tangu hapo ikawa desturi. Gari lilisimama uani, halikwenda popote, na yeye alikaa siti ya mbele, mlango mweupe ukiwa wazi apate upepo. Wapita njia walimsalimia naye akawasalimia. Wiki ya mwisho hakuweza kutoka kitandani. Aliniomba mambo mawili: nisiuze gari kwa haraka, na azikwe Lopur. Mimi sina boma la ukoo la kumzika mtu. Nilikubali yote. Alifariki asubuhi ya Jumapili, kengele ya misa ya kwanza ikilia, na binti yetu amemshika miguu.

Ndipo nikasimama uani na kulitazama gari langu. Nilikuwa nimebeba maiti za watu ambao sikuyajua majina yao. Wangu hakuenea.

Sikulazimika kutafuta. Binti yetu alikuwa amempigia simu mfanyabiashara wa Kakuma, si kumwomba kitu, kumwarifu tu. Kesho yake asubuhi nilisikia kikohozi kile mwanzo wa mtaa. Alikuwa ameiosha pikapu. Ile misumari minne ilikuwa mahali pake. Alishuka, akanishika mikono yote miwili, na akasema neno moja la kwao ambalo sikulielewa. Kisha akasema, "Baba, wewe ulibeba wangu."

Alifunga kamba mwenyewe. Nilitaka kumwonyesha fundo, nikaona analijua. Binti yetu alipanda naye mbele, akiwa na leso ya ziada magotini. Mimi nikafuata nyuma kwa gari jeusi, peke yangu, siti ya kushoto ikiwa tupu, polepole sana kwa gari la namna ile. Kila palipokuwa na watu kando ya barabara walivua kofia kwa pikapu, kisha wakanishangaa mimi.

Tulipotoka kwenye lami nilishusha kioo. Laga ilikuwa bado mbele. Pikapu ikakohoa mara moja, mbili, na kutoka ng'ambo nikasikia sauti ya dada yake ikipanda. Alikuwa ameitambua. Boma zima likamfuata. Pikapu ikavuka mchanga bila kusita. Mimi niliacha gari ukingoni nikavuka kwa miguu.

Padri aliongoza maziko. Mara nyingi mimi ndiye niliyesoma mahali pake, siku ile nilishika ndoo ya maji ya baraka, na nikashukuru kwamba sikupewa zaidi ya hiyo. Baadaye mfanyabiashara alinivuta kando. Akasema yuko tayari turudishane magari, leo hii, hapa hapa. Watu wangu wa Lodwar wanahitaji pikapu, na yeye atapata kijana wa kununua lile jeusi.

Nikamwambia pikapu nitaichukua, iwe ya parokia, wasimame tena langoni watu na kamba zao. Lakini lile lingine silitoi. Tukakubaliana nitamlipa kidogo kidogo, kama nilivyolipa mbuzi. Naye hakubisha. Watu wa ng'ombe wanajua ni dume yupi hapelekwi sokoni.

Dada mtu alinisindikiza kuvuka laga. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikaingia ndani ya gari, naye akabaki amesimama kwenye mlango mweupe, mkono wake juu ya bati. Kabla ya kuwasha injini nilitazama juu. Kwenye kitambaa cha paa, upande wa mke wangu, kulikuwa na alama mbili za mafuta, kiganja cha kulia na cha kushoto, na vumbi lilikuwa limeanza kushika pale.

Niliinua mikono yangu juu ya kichwa, upande wangu. Ikagonga paa. Nikaanza wimbo wa dume lenye ubavu mweupe, kwa sauti yangu ya zaburi, na kwenye mstari wa tatu dada akanikatiza.

"Si hivyo," akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena.